Kuingia Kazi ya Ambulensi Nairobi: Mwongozo kwa Anayeanza

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na chuo: karo ni pesa ngapi, na kozi inachukua muda gani. Ni maswali ya haki; bei na muda uulize chuo chenyewe, ila jinsi ya kukichagua nitaieleza. Lakini anayetaka kudumu kwenye ambulensi za Nairobi ajue mapema kwamba nusu ya kazi haifundishwi darasani. Kufunga bandeji utajifunza. Kumpata mgonjwa Kayole usiku kwa maelezo ya mtu anayelia kwenye simu, kutuliza umati Jogoo Road, kumbembeleza muuguzi aliyezidiwa akupokelee mgonjwa saa tisa usiku: hizo ni kazi za mdomo na za kulijua jiji. Mwongozo huu nimeupanga nikilifikiria hilo, kwa hiyo usishangae nikipita haraka mahali ulipotarajia nikae.

Hatua ya 1: Jua unaomba kazi gani

Mtaani kila anayeshuka kwenye ambulensi huitwa "daktari", na hutapata muda wa kumsahihisha mtu. Ila ndani ya gari kuna ngazi. EMT, yaani fundi wa matibabu ya dharura, wa ngazi ya msingi hupima mgonjwa, huzuia damu, hutoa oksijeni, hufunga mfupa uliovunjika na kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu njiani. Wa ngazi inayofuata huongezewa mambo kama dripu na baadhi ya dawa. Paramediki ndiye mwenye mafunzo mapana zaidi. Husoma mapigo ya moyo kwenye mashine na kufungua njia ya hewa kwa vifaa. Wauguzi na maafisa wa kliniki nao hupanda gari, hasa mgonjwa mahututi anapohamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Kuna dereva, ambaye mara nyingi naye amesomea EMT. Na kuna mpokeaji simu, kazi inayodharauliwa na watu wasioijua.

Waajiri ni wa namna nyingi. Msalaba Mwekundu wa Kenya una kampuni yake ya ambulensi, E-Plus, iliyoanzishwa mwaka wa 2010. St John Ambulance wako Kenya tangu 1928. Pale uwanja wa ndege wa Wilson kuna AMREF Flying Doctors, ambao mizizi yao ni ya 1957 na ambao husafirisha wagonjwa kwa ndege kutoka kaunti za mbali na nchi jirani. Kuna AAR, kampuni ya afya ya binafsi, kuna kaunti, kuna hospitali za binafsi zenye magari yao, na kuna mfumo wa Flare unaounganisha magari ya kampuni mbalimbali ili lililo karibu ndilo liende. Usisahau kazi za kusimama kwenye hafla: mbio za marathoni, raga, mechi za Kasarani na Nyayo. Wengi wetu tulianzia huko, tukivaa jaketi la kung'aa na kumpa mtu maji na plasta siku nzima. Malipo ni madogo, lakini wasimamizi wa zamu wanakuona unavyofanya kazi.

Mfumo wa simu wenyewe umetawanyika. 999 na 112 hupokewa na polisi. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu. Kampuni nyingine kila moja ina namba yake. Ndiyo maana ajali moja inaweza kuitiwa magari matatu na nyingine isiitiwe hata moja. Ukiajiriwa, jifunze namba za wenzako wa kampuni jirani na uziweke kwenye simu yako mwenyewe. Gari lenu likiwa mbali, kumpigia mwenzako wa kampuni nyingine hakukupunguzii chochote.

Hatua ya 2: Soma sheria mbili, uzijue kwa moyo

Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaeleza matibabu hayo ni yapi: huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kupanga apelekwe kwingine iwapo kituo hicho hakina uwezo. Hospitali ya serikali au ya binafsi, sheria ni hiyo hiyo. Baadaye Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ikaunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na mahututi, ili gharama hizo ziwe na mlipaji.

Kwa nini EMT ajue haya? Kwa sababu mwaka wa 2015 mgonjwa aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini humu akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Nchi nzima iliizungumzia habari hiyo. Waliokuwa na mgonjwa muda wote huo ni wahudumu wa gari, na ndio waliokuwa wakibadilisha mitungi ya oksijeni. Siku moja utasimama mbele ya lango na kuambiwa "hatuna nafasi, jaribu kwingine". Ukiijua sheria, hutapiga kelele. Utasema: "Sista, naelewa hamna kitanda. Naomba daktari amwone hapa hapa kwenye machela, amtulize, kisha tutafute kitanda pamoja." Maneno hayo yamenifungulia milango mingi kuliko king'ora. Ukianza kwa kutishia watu na Katiba, hata hivyo, utapokewa leo, na kesho yule muuguzi atakuwa na kumbukumbu nzuri sana ya sura yako. Sheria ikae mfukoni, itoke ya mwisho.

Hatua ya 3: Jitolee kabla ya kulipa karo

Fanya kozi fupi ya huduma ya kwanza, kisha ujiunge na tawi la Msalaba Mwekundu au St John kama mtu wa kujitolea. Utaona damu, matapishi na mtu mzima aliyejichafua, na utajua kama mwili wako unavumilia. Kutetemeka mara ya kwanza si tatizo. Tatizo ni mtu anayependa king'ora kuliko mgonjwa, na mtu wa aina hiyo hujulikana mapema: kila picha anayopiga, yeye ndiye yuko katikati.

Hatua ya 4: Chagua chuo kwa maswali, si kwa bango

Taasisi za ufundi nchini husajiliwa na TVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi, kwa mujibu wa sheria ya 2013. Anza hapo: jina la chuo liko kwenye orodha yao au haliko? Kisha uliza kama wahitimu wake hukubaliwa kufanya mtihani wa Baraza la EMT la Kenya, KCEMT, kwa sababu waajiri wengi wa Nairobi hukitazama cheti hicho kabla ya kutazama cheti cha chuo. Uliza mazoezi yanafanyikia wapi. Chuo kizuri kitakutajia hospitali na kampuni ya ambulensi bila kusita, na kitakuonyesha ratiba ya zamu. Omba pia uone chumba cha mazoezi. Nenda ukahesabu wanasesere wa kufufulia moyo na wanafunzi. Kama wanafunzi hamsini wanashiriki mwanasesere mmoja, utalipa karo ya kutazama wenzako wakibonyeza.

Wakati wa mazoezi omba upangwe wodi ya kujifungulia angalau mara kadhaa. Wanafunzi wengi hukimbilia ajali, halafu simu ya kwanza wakiwa kazini ni ya mama aliyejifungua ndani ya teksi. Jifunze kumkausha mtoto, kumweka kifuani kwa mama, kumfunika, na kulikanda tumbo la mama ili mji wa uzazi ukaze na damu ipungue. Hilo la mwisho limeokoa mama wengi, na linahitaji mikono mitupu tu.

Kadi ya kufufua moyo na mapafu inayofuata mtaala wa Shirika la Moyo la Marekani hudumu miaka miwili. Weka tarehe yake kwenye simu. Kuna watu hukosa kazi nzuri kwa sababu kadi iliisha mwezi uliopita.

Hatua ya 5: Makaratasi na chanjo

Makaratasi ni yale yale ya kila mwajiri: kitambulisho, PIN ya KRA, SHA, NSSF, na cheti cha tabia njema. Hiki cha mwisho huombwa kupitia eCitizen, kisha unaenda kuweka alama za vidole Huduma Centre. Nenda asubuhi. Ukitaka kuendesha, leseni ya NTSA iwe hai na yenye daraja la gari unaloliombea.

Chanjo ndiyo hupuuzwa. Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, na chanjo yake ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu miezi sita tangu ya kwanza. Ianze ukiwa chuoni, maana ukingoja kuajiriwa utakuwa umeshagusa damu ya watu wengi. Na ujue la kufanya sindano ikikudunga: osha kwa maji na sabuni bila kukamua, ripoti papo hapo, na uanze dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo. Dawa hizo humezwa siku 28. Watu huzianza na kuziacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu. Zungumza na daktari kabla ya kuacha.

Hatua ya 6: Lijue jiji

Hapa nitakaa kidogo.

Nairobi haina anwani ambazo mtu mwenye hofu anaweza kukutajia. Anachojua ni jengo, duka, stage, kanisa. Simu huwa hivi:

"Nisaidieni, mzee wangu ameanguka!"

"Pole sana mama. Uko wapi?"

"Niko hapa Umoja."

"Umoja ipi, One, Two ama Innercore?"

"Innercore. Hapa tu kwa flati."

"Sawa. Ukisimama kwa mlango wa ploti, unaona nini mbele yako?"

"Naona mahali wanauza gesi… na msikiti, lakini uko mbali kidogo."

"Vizuri sana. Mzee anapumua? Weka mkono kifuani mwake uniambie kama kinapanda."

Ona jinsi maswali mawili yanavyokwenda pamoja. Ukiuliza njia tu, atakasirika: "Mnauliza mengi na mtu anakufa!" Ukiuliza mgonjwa tu, gari litazunguka. Mpokeaji simu mzuri hupata njia na hali ya mgonjwa kwa wakati mmoja, na kama mgonjwa hapumui, humfundisha mpigaji simu kubonyeza kifua palepale: katikati ya kifua, kwa nguvu, kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwisho humwambia: "Mtume kijana asimame barabarani na tochi ya simu." Kijana mwenye tochi ana maana kuliko ramani yoyote.

Barabara kuu nazo zina mitego. Thika Road ina njia za kasi na njia za pembeni, na kutoka moja kuingia nyingine si popote. Aliyegongwa chini ya daraja la waenda kwa miguu Roysambu yuko upande gani? Wa kwenda Thika au wa kuja mjini? Njia kubwa au ya pembeni? Usipouliza, utamwona mgonjwa kwa macho, ukuta ukiwa katikati yenu, na itabidi uende mbele hadi upate pa kugeuka. Barabara ya Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka wa 2022 na inasaidia mno Mombasa Road ikifunga, lakini milango yake ni michache. Ukipanda umepanda. Outering jioni, Juja Road siku ya soko, Landhies karibu na Muthurwa wakati wowote: pitia huko pale tu ukiwa na mgonjwa anayeweza kungoja.

Mathare, Mukuru, Kibra na Korogocho gari huachwa barabarani. Unaingia kwa miguu na ubao wa kubebea mgonjwa, mfuko wa vifaa na mtungi mdogo wa oksijeni. Tazama chini kwa sababu ya mitaro na juu kwa sababu ya nyaya za stima. Dereva abaki na gari, likiwa limegeuzwa kuelekea kutoka. Anayekuongoza ndani awe mtu wa pale pale, na wabebaji wawe vijana wa pale pale. Waambie wazi kabla ya kuinua: wanne, wawili kila upande, tunainua nikisema tatu, na kichwa hakitangulii kwenye mteremko. Wataifanya vizuri kuliko unavyodhani, maana njia hizo wamebebea majeneza, sofa na mitungi ya gesi tangu utotoni.

Siku zako za mapumziko za miezi ya kwanza, panda matatu uende mitaa usiyoijua. Shuka, tembea, andika majina ya stage. Tembelea pia hospitali. Jua Mama Lucy inahudumia Eastlands na foleni yake ikoje. Jua Mbagathi iko karibu na Kibra, Pumwani ni ya uzazi, Gertrude's ni ya watoto, Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko Kahawa West, na kwamba Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo wengi humalizia wakiwa na majeraha mabaya ya kichwa au kuungua moto. Ingia ujue lango la ambulensi liko wapi, lifti ya machela inafanya kazi au la, na muuguzi mkuu wa zamu anaitwaje. Mgonjwa ambaye hospitali itampokea mara moja kilomita nane mbali yuko salama kuliko aliyepelekwa kilomita tatu akakataliwa. Kwa hiyo piga simu mbele. Kila mara piga simu mbele.

Hatua ya 7: Kwenye tukio

Usalama wako kwanza, na silisemi hili kwa desturi tu. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, watu wengi katikati ya jiji walisogea madirishani baada ya kusikia mlipuko mdogo na risasi, kisha bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawakata nyuso na macho. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku hiyo. Mtaa wa Sinai mwaka wa 2011, watu walikwenda kuteka petroli iliyovuja ikawaka. Embakasi, Februari 2024, gesi ililipuka katikati ya makazi usiku. Ukisikia harufu ya mafuta au gesi, simamisha gari mbali, upande unakotoka upepo, zima king'ora na simu, ngoja zimamoto. Mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka wa 2013 na Dusit mwaka wa 2019 yalitufundisha kungoja polisi waseme eneo ni salama. Kungoja huko ni kugumu kuliko kazi yenyewe, na umati utakutukana. Ngoja.

Kwenye ajali ya kawaida, ambayo Nairobi maana yake mara nyingi ni boda boda, umati huwa umefika kabla yako. Usipambane nao. Tafuta mtu mmoja anayesikilizwa, mara nyingi mwenyekiti wa stage ya boda boda, umpe kazi: "Chairman, nisaidie hawa wasogee hatua tano, na wewe nishikie hii taa." Akishapewa kazi, wengine humfuata. Mwingine mpe kazi ya kusimamisha magari. Mama anayelia mpe shuka ashike, mgonjwa afichwe watu wasimtazame uchi.

Halafu mpangilio wako, usioubadilisha hata ukiwa umechoka: damu inayotoka kwa kasi ikomeshwe kwanza, njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, akili, kisha mfunue uone yaliyofichwa na umfunike tena asipate baridi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika na moyo hupiga 60 hadi 100. Ukiona anapumua 34 na mapigo 130, huna muda wa kupiga picha ya pikipiki. Fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, alama 3 hadi 15. Andika alama na saa, kwa sababu kinachomsaidia daktari ni mabadiliko kati ya ulipomkuta na ulipomfikisha.

Mtuhumiwa wa wizi aliyepigwa na umati ni mgonjwa kama wengine. Usimhukumu, usimtetee kwa sauti. Omba polisi wafike, mfanye aonekane amezidiwa (mara nyingi amezidiwa kweli), mtoe pale haraka. Na jambo dogo ambalo watu hulipuuza hadi waitwe kituoni: pesa na simu za mgonjwa zihesabiwe mbele ya mtu wa pili, ziandikwe kwenye fomu, ziwekwe kwenye mfuko wenye jina.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Kazi nzuri ya barabarani hupotea hapa kama hujui kusema. Muuguzi wa dharura ana wagonjwa wengi mbele yake na atakusikiliza kwa muda mfupi sana, chini ya dakika moja. Mpangilio ni huu: ni nani na nini kilimpata, umeona majeraha gani, vipimo, umefanya nini. Mfano:

"Sista, habari ya kazi. Mwanamume wa miaka kama thelathini, abiria wa boda, amegongwa na gari Outering dakika arobaini zilizopita. Hakuwa na helmeti. Ana uvimbe kichwani upande wa kushoto, na paja la kulia limevunjika, ngozi haijapasuka. Tulimkuta akiongea vizuri. Sasa anafungua macho akiitwa tu. Mapigo 118, presha 100 kwa 60, oksijeni 96 akiwa kwenye mtungi. Tumemfunga shingo na mguu, ana dripu moja mkono wa kushoto. Hatujapata jamaa yake."

Sentensi ya "tulimkuta akiongea; sasa anafungua macho akiitwa tu" ndiyo itakayomfanya muuguzi ainue kichwa. Hiyo ni damu inayoweza kuwa inavuja ndani ya fuvu. Usiizike katikati ya maelezo ya jinsi foleni ilivyokuwa mbaya.

Pata sahihi na saa kwenye fomu. Kisha kuna suala la machela. Hospitali ikiwa haina kitanda, mgonjwa atabaki kwenye machela yako, na bila machela gari lako ni teksi. Usimharakishe muuguzi kwa ukali. Zunguka mwenyewe uone kama kuna kitanda kilichoachwa korido, saidia kumhamisha mgonjwa mwingine aliyeruhusiwa, tandika shuka. Nimeona wahudumu wakisimama na kulalamika saa nzima huku kitanda kikiwa nyuma ya mlango kinangoja kufutwa.

Usafi wa gari unafuata, na unafanywa kabla ya chai. Futa damu kwanza, kisha dawa ya kuua viini, uiache ikauke. Angalia mtungi wa oksijeni umebaki kiasi gani. Vitu vilivyotumika virudishwe sasa, si simu ikilia.

Hatua ya 9: Kabla ya kutia sahihi mkataba

Zamu za saa 12 ni za kawaida, na kuna wanaofanya 24. Uliza mambo haya usoni pa mwajiri bila aibu: bima ya ajali kazini, ambayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka awe nayo, nani analipia dawa ukidungwa sindano, usafiri wa kurudi nyumbani zamu ikiisha usiku, na kama siku ya mafunzo ni siku ya malipo. Mwajiri anayekasirikia maswali haya amekujibu. Kazi ya kibarua cha siku ni nzuri kwa kuanza, lakini ukifanya miaka miwili bila mkataba, NSSF yako itakuwa tupu na mgongo wako umechakaa.

Mgongo ndio huondoa watu kazini. Inua kwa miguu, omba msaada ngazi zikiwa nyembamba, na usione haya kuita gari la pili kwa mgonjwa mzito. Kichwa nacho. Simu za watoto hubaki na mtu. Kampuni nzuri hukaa na timu baada ya tukio baya, na mshauri anapatikana. Isipokuwepo, tafuta wenzako wawili watatu wa kuongea nao. Pombe ya Ijumaa si mshauri, ingawa naelewa kwa nini wengi huichagua.

Hatua ya 10: Kupanda ngazi

Njia ya kupanda si moja. Wengine hurudi kusomea uuguzi au ukliniki, kwa sababu taaluma hizo zina mabaraza yaliyoundwa kwa sheria na nafasi nyingi zaidi serikalini. Wengine huwa wakufunzi. Wanaotaka ndege wajue kwamba wauguzi na madaktari wenye uzoefu wa wagonjwa mahututi ndio hutafutwa zaidi huko, hivyo uuguzi kwanza, Wilson baadaye. Chumba cha simu nacho ni ngazi: mtu aliyekaa barabarani miaka kadhaa, kisha akapokea simu, ndiye hufanywa msimamizi wa shughuli.

Nchi za Ghuba huajiri paramediki na EMT kutoka Kenya, kwa mshahara unaovutia. Wakala yeyote anayekuahidi kazi hiyo mkague kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Vyeti vyako vitahakikiwa hadi chuoni, kwa hiyo chuo kisichosajiliwa kitakuumbua huko, miaka baada ya wewe kukisahau. Na waajiri wa nje huuliza uzoefu kwa maandishi.

Kwa sababu hiyo anza daftari lako siku ya kwanza ya mazoezi. Kwa kila simu andika tarehe, aina ya tukio, umri wa mgonjwa, ulichofanya kwa mikono yako mwenyewe, hospitali uliyompeleka, na sahihi ya msimamizi. Usiandike jina la mgonjwa, namba yake wala nyumba yake, na usiweke picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia, hata kama picha ni ya mguu tu. Mwisho wa mwezi mpelekee msimamizi atie sahihi kurasa zote kwa pamoja, kabla hajahamishwa kituo.